Kufundisha Somo la Joto kwa Mfano wa Giaboksi ya Otomatiki

1. Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi huiona mada ya joto kuwa nyepesi. Huandika ubaoni maana ya joto, hutaja njia tatu za kusafiri kwake, huchora birika juu ya moto, kisha huwapa watoto maswali matano. Wanafunzi hujibu vizuri, naye hurudi ofisini akiamini kwamba ameeleweka. Mimi nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, na sikujua upungufu wangu mpaka gari liliponifundisha.

Tulikuwa tumetoka kuwatembelea wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha kandokando ya Ziwa Nyasa. Tulisafiri kwa gari dogo la gia otomatiki, mojawapo ya yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Tulikuwa watu watano na maboksi ya vitabu. Barabara itokayo Mbamba Bay kwenda Mbinga hupanda kutoka ziwani, mahali palipo chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, hadi katika milima ya Umatengo. Katikati ya mpando tulilikuta lori lililokuwa limesimama. Dereva wetu hakukanyaga breki. Aliendelea kukanyaga mafuta kidogo kidogo, gari likawa limening'inia pale pale bila kwenda mbele wala kurudi nyuma. Lori lilipoondoka, gari letu lilivuma sana lakini halikupanda. Harufu ya kuungua ikatoka chini.

Nilitazama mshale wa joto mbele ya dereva. Ulikuwa katikati, mahali pake pa kila siku. Nikasema kwa uhakika wa mwalimu, "Gari halijapata joto. Kasoro ni nyingine." Kisha, kwa kuwa harufu ilizidi, nikageuka na kushauri tuzime injini na kumwagia maji chini.

Mzee mmoja fundi aliyekuwa akipita alitusimamia. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia aliinama, akanusa, akasema: "Mwalimu, huo mshale unapima maji ya rejeta. Haupimi oili ya giaboksi. Injini msizime, wala maji msimwage. Tieni mawe nyuma ya magurudumu, vuteni breki ya mkono, wekeni gia kwenye P, mwacheni apumue." Tulimtii. Baada ya robo saa hivi gari lilipanda taratibu kwa gia ya chini, ingawa giaboksi ile haikupona kabisa, na gharama yake tulichangishana kutoka katika mishahara yetu.

Juma lililofuata niliwasimulia wanafunzi wa Darasa la Sita kisa hicho. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, kama gari lilikuwa limesimama, joto lilitoka wapi? Na kwa nini kulizima ni vibaya kuliko kuliacha linaunguruma?" Maana ya joto niliyoiandika ubaoni haikuwa na jibu la swali hata moja kati ya hayo mawili. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Shabaha yake ni kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuielewa giaboksi ya otomatiki kiasi cha kutosha, na jinsi ya kuitumia kufundishia jambo moja kubwa, nalo ni hili: halijoto ya kitu chochote hutegemea mizani kati ya joto linaloingia na joto linalotoka.

2. Mambo anayopaswa kuyafahamu mwalimu

Hatuna budi kuanza na maarifa ya mwalimu mwenyewe, kwa maana asiyekuwa na maji kisimani hawezi kujaza mitungi ya wengine.

(a) Joto hutoka wapi?

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na klachi, yaani sahani kavu zinazobanana. Katika magari mengi ya otomatiki kazi hiyo hufanywa na chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita toki konveta. Mwanachuo na afikirie mapangaboi mawili yanayotazamana. La kwanza likiwashwa umeme, upepo wake utalizungusha la pili, ingawa halina umeme. Ndani ya toki konveta hakuna upepo, ila oili. Pangaboi la upande wa injini huisukuma oili, nayo oili hulizungusha pangaboi la upande wa magurudumu. Kati yake huwapo gurudumu la tatu linaloielekeza oili irudi kwa namna ya kuongeza nguvu ya msukumo gari linapoanza kwenda. Msingi wa chombo hiki ulibuniwa na mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Magari ya kawaida yenye gia otomatiki kamili yalianza kuuzwa kwa wingi Marekani kwa toleo la mwaka 1940 la Oldsmobile.

Sasa tutazame lililotupata mlimani. Pangaboi la injini lilikuwa linazunguka. Pangaboi la pili lilikuwa limesimama, kwa sababu magurudumu yalikuwa yamesimama. Nguvu yote iliyoingia katika oili haikufika barabarani. Nishati haipotei, basi ilikwenda wapi? Iligeuka kuwa joto ndani ya oili ile ile.

Jambo hili si geni katika historia ya sayansi. Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Prescott Joule alifunga mawe ya mizani kwenye kamba, akayaacha yashuke na kuzungusha makafi madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yalikorogwa, na halijoto yake ikapanda kidogo. Joule akapima ni kazi kiasi gani hutoa joto kiasi gani. Kipimo cha nishati tukitumiacho leo, yaani jouli, kimepewa jina lake. Toki konveta iliyosimama mlimani ni chombo cha Joule kilichotiwa injini badala ya mawe.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza la mtoto. Gari lilikuwa limesimama, lakini oili haikusimama.

Katika mwendo wa kasi ya kawaida kwenye tambarare, mapangaboi yote mawili huzunguka karibu sawa, na joto huwa dogo. Tena magari mengi ya miaka ya karibuni yana klachi ndani ya toki konveta inayoyafunga mapangaboi pamoja. Klachi hiyo ikishika, mtelezo huisha na joto la chombo hicho hupungua sana. Katika mpando mkali wenye mwendo wa polepole, mara nyingi klachi hiyo huachia. Ndiyo sababu kilima kimoja huweza kuipasha oili kuliko safari ya saa nzima ya tambarare.

(b) Joto huenda wapi?

Oili ya giaboksi haikai mahali pamoja. Pampu inayozungushwa na injini huisukuma kupitia mabomba hadi kwenye kipoza-oili. Katika magari mengi kipoza-oili kimefichwa ndani ya tangi la rejeta. Hapo joto hupita kwenye chuma kutoka katika oili hadi kwenye maji ya rejeta, nayo maji hulitoa kwa hewa inayovutwa na feni. Tazama, mwanachuo, jinsi njia za kusafiri kwa joto tulizozikariri zinavyofanya kazi kwa zamu: joto hubebwa na oili inayotembea, yaani msafara, hupenya kuta za chuma, yaani mpitisho, kisha hubebwa tena na maji na hewa. Kiasi kidogo huondoka kwa mnunurisho.

Hili ndilo jibu la swali la pili. Injini ikizimwa, pampu husimama, na oili yenye moto hubaki imetuama giaboksi. Injini ikiachwa inaunguruma polepole katika P au N, pampu huendelea kuipeleka oili kwenye kipoza-oili, ilhali joto jipya ni dogo mno kwa kuwa hakuna mzigo. Mzee yule hakutumia neno "msafara", ila alijua maana yake kutuzidi. Aidha, maji baridi juu ya chuma chenye moto mkali huweza kukipasua, kwani sehemu ya nje hujikunja ghafla wakati ya ndani ingali imetanuka. Yatupasa kuongeza tahadhari moja: shauri hili la kuacha injini ikiunguruma lahusu giaboksi iliyopata moto. Ikiwa ni injini yenyewe inayochemka, jambo huwa jingine.

Kuna jambo la tatu ambalo mshale wa dereva ulinificha. Joto husafiri kutoka kwenye moto zaidi kwenda kwenye baridi zaidi. Maji ya rejeta ya gari lililokwisha pata moto huwa karibu na nyuzi 90 za sentigredi. Kwa hiyo kipoza-oili kilichomo ndani ya rejeta hakiwezi kuishusha oili chini ya halijoto ya maji yale. Tena rejeta ni kubwa na huwekwa katika kipimo chake na vali pamoja na feni. Oili huweza kufika nyuzi 120 na zaidi, huku mshale wa maji umetulia katikati. Kipimo kimoja hakiwezi kushuhudia vyombo viwili.

(c) Kwa nini halijoto ya oili ni jambo la kuogopwa?

Oili ya giaboksi ina kazi nne kwa wakati mmoja: kupeleka nguvu, kubana klachi ndogo za ndani, kulainisha, na kubeba joto. Mahali pake pazuri ni kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ikiwa baridi mno huwa nzito, na gia huingia kwa ugumu. Ikipata moto mno hushikana na hewa, hugeuka rangi na kuacha utando kama wa vanishi kwenye vali. Mipira ya kuzuia uvujaji hukauka, klachi huanza kuteleza, na kuteleza huko huzaa joto jingine.

Mafundi wengi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba, kila oili izidipo nyuzi 80 kwa nyuzi 10 au 11 hivi, maisha yake hupungua kwa nusu. Kanuni hii si sheria ya maumbile, ila yafaa sana kwa somo la hesabu. Tukiyahesabu maisha ya oili kwenye nyuzi 80 kuwa 1, tutapata:

nyuzi 80: 1
nyuzi 90: 1/2
nyuzi 100: 1/4
nyuzi 110: 1/8
nyuzi 120: 1/16

Wanafunzi waliojifunza sehemu wataona wenyewe kwamba nyuzi 40 za ziada hazipunguzi maisha ya oili kwa robo wala kwa nusu, bali huacha sehemu moja tu katika 16.

3. Mizani ya joto kwa hesabu

Mwalimu anapaswa kuweza kukokotoa mfano mmoja, japokuwa hatauandika wote ubaoni. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, zimechaguliwa ziwe rahisi na zisiwe mbali na hali halisi.

Tuseme giaboksi ina kilo 8 za oili. Kupandisha kilo moja ya oili kwa nyuzi moja huhitaji kilojouli 2 hivi. Basi oili yote huhitaji kilojouli 16 kwa kila nyuzi.

Gari limening'inia mlimani kwa kukanyaga mafuta, na injini inaingiza kilojouli 8 kwa kila sekunde. Kwa kuwa magurudumu hayaendi, zote ni joto. Hii ni sawa na majagi manne ya umeme ya kuchemshia maji, kila moja la kilowati 2, yakiwaka pamoja ndani ya giaboksi. Kipoza-oili kinatoa kilojouli 4 kwa sekunde. Zinazobaki ni 4. Oili itapanda nyuzi moja kila sekunde 4, yaani nyuzi 15 kwa dakika. Ikianza na nyuzi 90, baada ya dakika 2 itafika nyuzi 120. Muda wa kungoja lori moja wayatosha yote hayo.

Sasa dereva akanyage breki na kuacha mafuta. Kinachoingia hushuka hata kuwa kidogo sana, na zile kilojouli 4 zinaendelea kutoka. Halijoto yaanza kushuka. Gari ni lile lile, mlima ni ule ule na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni mguu wa dereva.

4. Gari lenye nguvu nyingi

Vijana wengi wa mijini hupenda magari yenye nguvu nyingi, na wapo waongezao nguvu za injini kupita kiasi kilichowekwa kiwandani. Mwalimu asidharau mapenzi hayo, kwa kuwa yanaleta swali zuri la sayansi: injini ikiongezwa nguvu, giaboksi itapata nini? Itapata joto zaidi, maana sehemu ile ile ya mia inayopotea kwa mtelezo sasa inakatwa kutoka katika jumla kubwa zaidi. Baadhi ya wapenda mbio hufunga toki konveta inayoiachia injini izunguke kwa kasi zaidi kabla ya kushika. Hupata mwondoko mkali, lakini hulipa kwa joto katika mwendo wa polepole wa mjini.

Njia wanazotumia mafundi kulidhibiti joto hilo zote huingia katika makundi mawili tu.

Kundi la kwanza ni kupunguza kinachoingia: kutumia gia ya chini katika mpando ili injini izunguke kwa wepesi na toki konveta iteleze kidogo, kulizuia gari kwa breki wala si kwa mafuta, kutopakia kupita kiasi, na kuhakikisha klachi ya toki konveta inashika sawasawa.

Kundi la pili ni kuongeza kinachotoka: kufunga kipoza-oili cha ziada mbele ya rejeta, mahali penye hewa safi ya nje, kukipa feni yake ili kipoe hata gari likisimama, kusafisha matope na majani katika mapezi ya rejeta, na kutumia oili ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji, kwa kiasi sahihi, na kuibadilisha kabla haijachoka. Sinia la chini ya giaboksi lililo kubwa zaidi huongeza oili. Hilo huchelewesha kupanda kwa halijoto, lakini peke yake haliiondoi mizani iliyoharibika. Katika nyakati za baridi kipoza-oili cha ziada huweza kupoza kupita kiasi, ndiyo maana hufungwa vali inayoizuia oili kupita huko mpaka ipate moto wa kutosha.

Juu ya makundi yote mawili kuna kipimo cha halijoto ya oili yenyewe. Bila kipimo hicho, dereva hukisia.

Pengine mwanachuo atasema kwamba gia otomatiki kwa asili yake ni dhaifu. Historia ya Afrika Mashariki yakanusha. Katika Safari Rally ya mwaka 1979 nchini Kenya, Hannu Mikkola wa Ufini alishika nafasi ya pili, nyuma ya Shekhar Mehta aliyeendesha Datsun. Gari la Mikkola lilikuwa Mercedes-Benz 450 SLC yenye injini ya lita 5 na gia otomatiki. Mwezi Desemba mwaka huo huo, magari ya aina hiyo yalichukua nafasi nne za kwanza katika mashindano ya Bandama huko Ivory Coast. Giaboksi ya otomatiki huweza kustahimili vumbi, matope na mwendo mkali, mradi joto lake limepewa njia ya kutoka.

5. Somo lenyewe

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (i) kueleza kwa maneno yake kwamba kazi ya msuguano au ya kukoroga hugeuka joto, (ii) kuonyesha kwamba halijoto hutulia pale ambapo joto liingialo ni sawa na lile litokalo, (iii) kutaja njia mbili za kudhibiti halijoto ya chombo.

Muda: vipindi viwili mfululizo.

Vifaa: chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa juu na kutobolewa tundu dogo karibu na chini; ndoo ya maji; vikombe viwili; chaki; makopo mawili yanayolingana; maji ya vuguvugu kali, yasiyochemka; vipimajoto viwili; kipande cha boksi cha kupepea.

Hatua ya kwanza: Swali la kuanzia. Simulia kisa cha gari lililokwama, kwa maneno machache, kisha uulize: "Gari lilikuwa limesimama. Joto lilitoka wapi?" Andika majibu yote ubaoni bila kuyasahihisha. Wengine watasema jua, wengine injini, wengine breki. Waache wasugue viganja vyao mpaka viote moto, nao wataanza kukaribia.

Hatua ya pili: Chupa yenye tundu. Mwanafunzi mmoja azibe tundu kwa kidole, mwingine amimine kikombe kimoja kwa kila hesabu ya tano. Maji yatapanda mpaka yamwagike. Hiki ni chombo kisicho na njia ya kupoa. Kisha aondoe kidole, umiminaji uendelee kwa mwendo ule ule. Maji yatapanda, halafu yatatulia mahali fulani. Weka alama ya chaki. Uliza: "Maji yanaingia bado. Mbona hayapandi tena?" Subiri. Usijibu wewe. Wakiisha kutambua kwamba yanayotoka yamelingana na yanayoingia, umiminaji uongezwe kasi. Maji yatapanda hadi alama mpya. Mwisho toboa tundu la pili, nao waone maji yakishuka.

Inafaa mwalimu ajaribu kifaa hiki kabla ya kipindi. Tundu likiwa kubwa mno maji hayatapanda kabisa. Likiwa dogo mno yatafurika.

Hatua ya tatu: Kulinganisha. Chora ubaoni safu mbili. Katika ya kwanza andika: maji yanayomiminwa, kimo cha maji, tundu, tundu la pili. Wanafunzi wajaze safu ya pili: joto linaloingia, halijoto, kipoza-oili, kipoza-oili cha ziada. Waambie wazi kwamba joto si kimiminika kama maji, ila ni nishati. Chupa ni mfano wa kutusaidia kufikiri. Mwalimu asiposema hivyo, hupanda kosa ambalo sekondari watahangaika kuling'oa.

Hatua ya nne: Makopo mawili. Jaza maji ya vuguvugu kwa kiasi sawa. Moja liachwe, jingine lipepewe. Kabla ya kuanza, kila kundi liandike kisio lake. Vipimo visomwe kila baada ya dakika 2 kwa dakika 10, na kuchorwa kwa mistari miwili. Wataona pia kwamba kila kopo hupoa haraka zaidi mwanzoni, lingali na moto mwingi, kama vile maji yatokavyo kwa nguvu zaidi tunduni kimo kikiwa juu.

Hatua ya tano: Kurudi kwa gari. Gawa darasa katika makundi, kila kundi limshauri dereva aliyekwama mlimani. Kila shauri liingizwe katika fungu lake: "kupunguza kinachoingia" au "kuongeza kinachotoka". Shauri lisiloingia katika fungu lolote lijadiliwe.

6. Makosa ya kuepuka

Kwanza, usiwapeleke watoto chini ya gari lililotoka safarini, wala usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto ili kuwaonyesha. Maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza. Hapa Songea, tulipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji katika sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta iliyofungwa hufika mbali zaidi bila kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa huchemka mara moja.

Pili, usichanganye joto na halijoto. Kijiko cha oili na debe la oili huweza kuwa na halijoto moja, lakini debe lina joto jingi zaidi.

Tatu, usigeuze somo kuwa orodha ya vyuma. Mtoto akisahau neno "toki konveta" hajapoteza kitu. Akisahau mizani, somo limepotea.

Nne, usione haya kusema hujui. Mtoto aliponiuliza maswali yale mawili nilijaribu kwanza kumtuliza kwa maneno makubwa. Nilimwona akinyamaza, si kwa kuelewa bali kwa heshima. Ukimya wa namna hiyo ni hasara kubwa darasani kuliko giaboksi iliyoungua, kwa sababu giaboksi huweza kununuliwa nyingine.

7. Hitimisho

Mizani ya joto haiko ndani ya magari tu. Mtungi wa maji hupoa kwa kutoa jasho lake la nje. Mgonjwa wa homa huvuliwa blanketi. Wali huachwa jikoni kwa makaa machache ili usiungue. Mwanafunzi aliyeielewa giaboksi kwa njia ya mizani atavielewa vyote hivi, na kesho akiwa dereva, fundi au mpishi, atajiuliza maswali mawili kabla ya kumwaga maji: nini kinaingia, na nini kinatoka?

Nilimrudia mtoto yule juma moja baadaye, nikiwa na chupa yenye tundu mkononi. Nilimwomba yeye ndiye azibe tundu kwa kidole. Alipoondoa kidole na kuona maji yametulia, alisema, "Kumbe haikuwa lazima moto uzimwe. Ilitakiwa njia." Sijapata kuiandika ubaoni maana iliyo bora kuliko hiyo.

Maswali ya mazoezi kwa mwanachuo

1. Eleza kwa nini mshale wa maji ya rejeta huweza kutulia wakati oili ya giaboksi ina moto wa hatari.

2. Giaboksi ina kilo 8 za oili. Kinachoingia ni kilojouli 6 kwa sekunde na kinachotoka ni kilojouli 4 kwa sekunde. Oili itapanda nyuzi ngapi kwa dakika 4? Kilojouli 2 hupandisha kilo moja kwa nyuzi moja.

3. Andaa jaribio jingine, kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, la kuonyesha kwamba eneo kubwa la nje huharakisha kupoa.

4. Mwanafunzi anasema: "Tukiongeza oili mara mbili, haitapata moto kamwe." Andika maswali matatu utakayomwuliza ili agundue kosa lake mwenyewe.